Mgeni Naye Ameitwa Kwenye Karamu ya Mavuno

Masomo: Nehemia 8:9-18, Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Ruthu 2:14-18



Nawasalimu ninyi nyote mnaokaa Kyambogo, Banda, Kireka na Nakawa, pamoja na ndugu zetu wa Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, ambao jarida hili huwafikia kwa mkono wa wasafiri. Neno hili tulilishiriki hapa Kyambogo siku ya ibada ya mavuno. Wazee wa kanisa waliniomba niliandike, ili jamaa zilisome nyumbani, na wale ambao hawakuwa na nauli ya kuja nao wapate sehemu yao.

Tuko mwisho wa mvua za pili. Katika nchi hii mvua za kwanza hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei, na watu huvuna Juni na Julai. Mvua za pili, ambazo Waganda huziita ddumbi, huanza Septemba mpaka Novemba, na mavuno yake huingia Desemba na Januari. Hata sisi tusio na shamba tunayaona majira hayo. Mwezi wa Novemba, ambao Waganda wameupa jina la Musenene kwa sababu ya senene, watoto wetu walikimbiza wadudu hao chini ya taa mpaka usiku. Sasa soko la Nakawa limejaa maharagi mapya, mahindi mabichi, na viazi vitamu ambavyo bado vina udongo. Jirani aliyekwenda kijijini kwao harudi mikono mitupu. Utamwona akishuka kwenye bodaboda na mkungu wa matoke na mfuko wa maharagi.

Katika majira haya mama mmoja wa kanisa letu alinijia akiwa na huzuni. Anakaa Banda na watoto wake wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Jirani yake ni bibi Mganda, ambaye watoto wote wa ua ule humwita jjajja. Bibi huyo alirudi kutoka kijijini, akamtuma mjukuu wake apeleke kwa mama yule beseni la maharagi mapya na ndizi za kupika. Mama alipokea, akashukuru, akafunga mlango. Siku mbili zikapita hajayapika. Akaniambia: "Mchungaji, siku tuliyokimbia Rutshuru, maharagi yangu yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja mikono tu. Sijui nani aliyavuna. Sasa nikipika haya ya watu, nikacheka na watoto, si nitakuwa nimesahau kwetu?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa maana jambo hilo nalijua. Mimi nilivuka mpaka pale Bunagana mwaka 2012, tukapita Nyakabande, tukapelekwa Rwamwanja. Tulipewa kipande cha ardhi, lakini msimu wa kwanza nilikataa kupanda. Nilisema, "Kwa nini nipande? Mwezi ujao tunarudi." Msimu ulipokwisha, jirani mwenyeji aliniletea mahindi kutoka shamba lake. Nilipokea kwa mdomo, lakini moyoni nilikasirika. Niliona aibu kwamba mimi, mtu niliyekuwa na ghala kwetu, leo nalishwa kama mtoto.

Kwa hiyo neno hili silihubiri kwenu tu. Linanihusu mimi pia. Tuulize Biblia: je, mtu aliyepoteza shamba anaruhusiwa kufurahia mavuno?

1. WALISHEREHEKEA NYUMBA ZIKIWA HAZIJAJENGWA

Tusome habari za Nehemia. Watu wale walikuwa wana wa uhamisho. Baba zao walichukuliwa mpaka Babeli, na wao wamerudi Yerusalemu. Tukisoma sura ya 8 peke yake tunaweza kufikiri kwamba mambo yao yalikuwa mazuri. Lakini soma sura ya 7, mstari wa 4: mji ulikuwa mpana, watu walikuwa wachache, na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Soma sura ya 5: wengine walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Soma mwisho wa sura ya 9: wao wenyewe wanakiri kwamba mazao mengi ya nchi ile yanakwenda kwa wafalme wageni wanaowatawala.

Ndugu zangu, watu hao tunawajua. Nyumba haijajengwa, shamba liko mikononi mwa mwingine, na kidogo kinachopatikana kina mwenyewe anayekingoja. Kama furaha ya mavuno ingengoja mpaka mambo yote yatengenezwe, wao wasingefurahi kamwe. Lakini katika mwezi wa saba, mwezi wa kukusanya mavuno, walisikia torati ikisomwa, na wote wakaanza kulia. Ndipo Nehemia, Ezra na Walawi wakawazuia. Wakawaambia siku hii ni takatifu, msihuzunike. Nendeni mkale vilivyonona, mnywe vilivyo vitamu, na yule ambaye hakuandaliwa kitu mpelekeeni sehemu yake.

Angalieni neno hilo la mwisho. Hawakuambiwa, "Kila mtu ale alicho nacho." Waliambiwa wapeleke sehemu. Maana yake palikuwa na nyumba ambazo sufuria ilikuwa tupu siku ile ya sikukuu, na Mungu alizijua. Furaha ya mji mzima haikutimia mpaka mtoto fulani apite kwenye njia akiwa amebeba sahani iliyofunikwa. Mjukuu wa jjajja aliyebeba beseni pale Banda alikuwa anafanya kazi ambayo Biblia inaijua tangu zamani.

2. KILIO KINA SIKU YAKE

Mtu ataniuliza: "Je, Mungu anatukataza kulia? Goma ilitekwa Januari mwaka 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Nina kaka huko ambaye simu yake haipatikani. Nitachekaje?"

Ndugu yangu, soma tena, na uhesabu siku. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba walikatazwa kulia. Kuanzia siku ya 15 walikaa katika vibanda siku saba, na siku ya nane wakawa na mkutano. Halafu Nehemia 9:1 inasema kwamba siku ya 24 ya mwezi ule ule watu wale wale walikusanyika wakifunga, wamevaa magunia, wana udongo vichwani. Kilio hakikufutwa. Kilipewa siku yake, na karamu ikapewa siku yake.

Sisi mara nyingi tunachanganya. Tunaleta kilio mezani mpaka watoto wanaogopa kucheka mbele yetu. Nimeona nyumba ambamo mtoto aliyezaliwa hapa Kampala hajawahi kuona baba yake akila kwa furaha. Mtoto huyo atakumbuka nini juu ya kwetu? Atakumbuka huzuni tu. Lakini kwetu hapakuwa na huzuni tu! Kwetu palikuwa na siku ya mavuno, korali zilishindana, watu walileta kanisani vikapu vya viazi na mihogo, mwingine alileta jogoo, na baada ya ibada palikuwa na mnada ambapo mzee mmoja alinunua jogoo wake mwenyewe kwa bei kubwa. Watoto wetu wana haki ya kuyajua hayo. Ukifurahi nao mezani, hujasahau kwetu. Unawapa kipande chake.

Mwangalie Ruthu, mgeni kutoka Moabu. Aliokota mabaki ya shayiri nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Wakati wa chakula Boazi alimwita aketi pamoja na wavunaji. Ruthu hakusema, "Siwezi kula wakati mama mkwe wangu ana njaa nyumbani." Biblia inasema alikula akashiba, akabakiza. Jioni akamletea Naomi kile alichobakiza. Alikula kwanza, kisha akabeba. Wewe ambaye unakataa kushiba kwa sababu ya ndugu walio nyuma, njaa yako haiwapelekei hata kijiko kimoja. Kula upate nguvu, kisha bakiza, kisha beba.

3. MGENI YUMO KATIKA ORODHA

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 16. Mungu anaagiza sikukuu ya vibanda baada ya watu kukusanya nafaka na zabibu. Anataja watakaofurahi: wewe mwenyewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Katika orodha hiyo, Mlawi hana shamba, mgeni hana shamba, yatima na mjane mara nyingi hawana wa kuwalimia. (Mnaona hata mchungaji wenu amepata nafasi, kwa jina la Mlawi!)

Kuna sheria nyingine, ile ya Walawi 19:9-10, inayomwambia mwenye shamba asivune pembe zote, amwachie maskini na mgeni. Hiyo ni sheria ya tumbo. Lakini hii ya sikukuu ni kubwa zaidi, kwa sababu mgeni hawekwi nyuma ya wavunaji akiinama. Anaketi mezani pamoja na wana na binti za nyumba. Na neno la pale ni agizo: atafurahi. Mwenye shamba ameagizwa amkaribishe, naye mgeni ameagizwa afurahi.

Basi mama yule wa Banda alipofunga mlango na kuliacha beseni, alidhani anaheshimu shamba lake la Rutshuru. Kumbe alikuwa amekataa kiti chake ambacho Mungu mwenyewe alikiandika katika torati. Hilo nilijihubiria mimi kwanza, kwa sababu ya yale mahindi ya Rwamwanja.

4. KIBANDA KINATUKUMBUSHA NINI?

Walawi 23:42-43 inasema kwamba katika sikukuu hiyo Waisraeli wote wakae katika vibanda vya matawi, ili vizazi vyao vijue kwamba Mungu aliwakalisha baba zao katika vibanda alipowatoa Misri. Fikirini jambo hilo. Ghala imejaa, nyumba ya mawe ipo, lakini siku saba tajiri na watoto wake wanatoka nje kulala chini ya matawi. Mungu aliwarudisha wenye nyumba katika hali ya wakimbizi, na aliwarudisha wakati wa mavuno, maana ndio wakati ambao mtu aliyeshiba husahau upesi.

Sisi hatuhitaji kuagizwa kukata matawi. Tumelala chini ya maturubai, tumesikia mvua ikipiga plastiki usiku kucha. Sikukuu hii tuko karibu nayo kuliko watu wengi. Lakini kukumbuka kibanda kuna kusudi. Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba wanaujua moyo wa mgeni, kwa maana walikuwa wageni katika nchi ya Misri (Kutoka 23:9). Anayekumbuka kibanda anapaswa kumfungulia mwingine mlango.

Tuna mfano karibu. Kati ya Banda na Kireka kuna kilima wanachokiita Acholi Quarter. Wengi wa waliojenga pale walitoka kaskazini mwa Uganda, wakikimbia vita vya Lord's Resistance Army. Kwa miaka mingi mama zao walivunja mawe kwa nyundo kwenye machimbo ili wapate chakula cha siku, na wengine walitengeneza shanga za karatasi. Hao ni wenyeji wa nchi hii, lakini wanajua kukimbia usiku na mtoto mgongoni. Baadhi yetu tulipofika hapa bila sufuria, walitupa ya kuazima wala hawakutuuliza vitambulisho. Walikuwa wanaujua moyo wetu.

Nasema pia ukweli mwingine. Si kila jirani ni jjajja. Wapo waliotutukana, wapo waliotudhulumu kodi ya nyumba. Siwafichi. Lakini tusiwahesabu wabaya tu. Hata sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ilitupa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na mikono iliyopokea beseni ni mikono inayoweza kufanya kazi. Tushukuru, tena tushukuru kwa majina, si kwa jumla.

5. BESENI HALIRUDI TUPU

Mama zetu walitufundisha tangu utoto: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukipokea chumvi, utarudisha majani ya mboga. Ukimbizi umetuharibia tabia hiyo. Tumezoea kusimama kwenye mstari na kadi mkononi, na mtu anayesimama kwenye mstari miaka mingi huanza kufikiri kwamba yeye ni wa kupokea tu.

Nyakati zenyewe zinatufundisha. Sisi tunaokaa mjini tunaishi bila mgao wa chakula. Na huko makambini, tangu mwaka 2023 chakula hugawiwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 jamaa nyingi sana ziliondolewa kabisa, kwa kuwa fedha za wafadhili zilipungua. Si neno jepesi, wala sitawaambia kwamba maombi yatajaza ghala bila jembe. Lakini katika wakati kama huu jirani ni wa thamani kuliko zamani, na ujirani hauendi upande mmoja.

Mtasema, "Pembe ya shamba nitaiacha wapi, nami sina shamba?" Kila mtu ana pembe yake. Anayeuza vitenge ana kipande kilichobaki, kinachoweza kumfunika mtoto wa mwingine. Fundi cherehani ana saa moja ya kushona sare ya yatima. Kijana anayejua Kiganda na Kiingereza ana ulimi wa kumsaidia mama mgeni zahanati. Mwenye chungu ana ukoko wa chini na nafasi ya mtu mmoja kando ya sigiri. Hata jjajja wa Banda hana kingi. Anapanga nyumba kama sisi, na yale maharagi aliyabeba magotini katika gari kutoka kijijini. Alitoa pembe yake.

Juma hili, wapendwa, nawaomba mfanye mambo matatu. Kwanza, kila jamaa ipike chakula kimoja cha kwetu, hata kiwe kidogo, wote wakae pamoja, na mzazi awasimulie watoto jinsi tulivyovuna. Pili, pelekeni sehemu katika nyumba moja ambayo haikuandaliwa kitu. Msiangalie kabila wala kanisa. Tatu, mwenye mtu wake kambini au nyuma kule kwetu achague usiku mmoja wa kulia na kuomba kwa ajili yake. Iwe siku yake, tusiivunje, lakini tusiiachie imeze siku zote.

Namaliza na habari za mama yule. Siku ya tatu alipika maharagi yote. Watoto walikula mpaka mdogo akalala na kijiko mkononi. Kesho yake alinunua majani ya mihogo, akaazima kinu, akatwanga sombe, akaipika kwa mawese, akajaza beseni lile lile na kulirudisha kwa jjajja. Bibi alishangaa. Alikuwa hajawahi kula majani ya mihogo maisha yake yote! Alionja, akanyamaza kidogo, akaonja tena, kisha akachukua kigoda chake akaja kuketi mlangoni kwa mama yule ili aonyeshwe namna ya kutwanga. Sasa watoto wa ua wote wanasema "sombe" kana kwamba ni neno la Kiganda.

Mama aliniambia pia kwamba usiku ule, watoto walipolala, alilia sana kwa ajili ya shamba lake na kwa ajili ya mume wake aliyebaki kule. Nilimwambia, "Hujakosa. Hiyo ni siku yako ya 24."

Tuombe:

Bwana Mungu wetu, wewe uliyewakalisha baba zetu wa imani katika vibanda, tunakushukuru kwa mvua za mwaka huu na kwa kila mkono uliotuletea sehemu. Wabariki majirani zetu wa Kyambogo na Banda, na wenyeji wa nchi hii waliotupokea. Uwakumbuke ndugu zetu ambao usiku huu wako njiani, na mashamba yetu ambayo hatujui nani anayavuna. Aliyeyavuna kwa njaa, umshibishe. Aliyeyavuna kwa jeuri, umgeuze moyo. Tupe kula kwa furaha pamoja na watoto wetu, tupe kubakiza, tupe kubeba. Na siku utakapoturudisha kwetu, tusisahau kibanda. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.